Vito Volterra: Mwanahisabati wa Viumbe

Soma kifungu kifuatacho kisha ujibu maswali.

Vito Volterra alizaliwa tarehe 3 Mei 1860 katika mji wa bandari wa Ancona, Italia, katika familia ya Kiyahudi. Babake alifariki Vito akiwa na umri wa miaka 2, akamwacha yeye na mamake mikono mitupu. Mjomba wake ndiye aliyewapokea. Kipawa chake cha hisabati kilipodhihirika, jamaa zake walimtaka aende kufanya kazi benki ili alete riziki. Yeye alishikilia masomo. Mwaka wa 1882 alihitimu katika Chuo Kikuu cha Pisa, na mwaka uliofuata akawa profesa papo hapo. Kuanzia 1900 alifundisha Roma, na mwaka wa 1905 akateuliwa kuwa seneta.

Alipokuwa na umri wa miaka 65 hivi, aliletewa fumbo. Umberto D'Ancona, mwanabiolojia aliyekuja kuwa mkwewe, alikuwa amechunguza samaki waliouzwa katika bandari za Bahari ya Adriatiki. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia uvuvi ulipungua mno. Ungetarajia samaki wa kila aina wanufaike. Haikuwa hivyo. Katika bandari ya Fiume, papa, taa na walaji wengine wa samaki walikuwa takriban asilimia 12 ya samaki waliouzwa mwaka wa 1914. Kufikia 1918 walikuwa asilimia 36. Mbona vita viwafaidi papa?

Volterra aliandika milinganyo miwili: mmoja wa mawindo, mwingine wa walaji. Mawindo yakiwa mengi, walaji hushiba na kuzaana. Walaji wakizidi, mawindo hupungua, walaji nao hufa njaa, kisha mawindo huongezeka tena. Hesabu ilionyesha kuwa uvuvi ukipungua, wastani wa walaji hupanda na ule wa mawindo hushuka. Alichapisha matokeo hayo mwaka wa 1926. Alfred Lotka, huko Marekani, alikuwa amefikia milinganyo hiyo kivyake. Ndiyo maana inaitwa kwa majina yao wawili.

Volterra alichunguza pia spishi mbili zinazogombea chakula kimoja. Hesabu ilionyesha kwamba inayostahimili uhaba zaidi hubaki, nyingine hutoweka. Mwaka wa 1934, Gause wa Moscow alichapisha majaribio ya paramesia waliowekwa chombo kimoja: spishi moja iliimaliza nyingine. Basi vipi msitu mmoja uwe na spishi tele? Sababu moja ni kwamba hazitegemei kitu kimoja. Kila moja ina chakula chake, mahali pake au wakati wake. Tofauti hizo zikiharibiwa, baadhi ya spishi hupotea.

Mwaka wa 1931, serikali ya Mussolini iliwaamuru maprofesa waape kuutii utawala wa Kifashisti. Kati ya maprofesa wapatao 1,200, ni kama 12 tu waliokataa. Volterra alikuwa mmoja wao. Alipoteza kazi aliyoifanya kwa karibu miaka 50, na baadaye akatolewa katika vyama vya kisayansi vya nchi yake. Hata hivyo hakuweka kalamu chini. Mwaka uo huo kitabu chake kuhusu hisabati ya mapambano ya viumbe kilichapishwa Paris, naye akaendelea kutoa mihadhara ugenini. Alifariki Roma tarehe 11 Oktoba 1940, akiwa hajala kiapo hicho.

MASWALI

(a) Jamaa za Volterra walitaka afanye nini, na kwa nini? (alama 2)
(b) Eleza fumbo lililoletwa na D'Ancona. (alama 3)
(c) Kwa mujibu wa kifungu, ni nini huwezesha spishi nyingi kuishi pamoja? (alama 2)
(d) Taja hasara mbili alizopata Volterra kwa kukataa kuapa. (alama 2)
(e) Eleza maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumika katika kifungu. (alama 3)
(i) mikono mitupu
(ii) kivyake
(iii) hakuweka kalamu chini