Al-Biruni na Mizani ya Vito

Niliwahi kununua pete usiku. Chini ya taa jiwe lilikuwa jekundu kama komamanga. Asubuhi juani nikaliona limepauka. Hapo nilimkumbuka Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973. Rangi hugeuka kwa mwanga, lakini uzito haugeuki, nao ndio alioupima. Alitumbukiza kito katika chombo kilichojaa maji, kisha akalinganisha uzito wa kito na wa maji yaliyomwagika. Watu walidai nyoka akitazama zumaridi hupofuka. Yeye akajaribu kwa miezi, nyoka asidhurike. Uzeeni, huko Ghazna, akaandika kitabu cha vito. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nami sasa sinunui kito ila mchana, tena kwa mizani.