Frances Perkins, mama aliyeuona moto

Katika ukurasa huu wa maisha ya waliotutangulia, leo tunamtazama mama Frances Perkins wa Marekani.

Alizaliwa Boston mwaka 1880, katika familia yenye uwezo. Nyumbani kwao watoto walifundishwa kwamba maskini ni maskini kwa sababu ya uvivu au pombe. Alipoanza kuingia katika nyumba za wafanyakazi alikuta wengi ni watu wenye bidii, ambao ajali moja tu ya mashine iliwaacha watoto wao bila chakula.

Tarehe 25 Machi 1911 alikuwa New York akinywa chai kwa rafiki yake. Walisikia kelele, wakatoka mbio. Kiwanda cha nguo cha Triangle kilikuwa kinawaka, ghorofa ya 8 mpaka ya 10. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ngazi za zimamoto zilifika ghorofa ya 6 tu. Aliwaona wasichana wakijirusha kutoka madirishani. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji, Wayahudi na Waitalia.

Watu walilia, wakachanga fedha za mazishi. Frances naye alilia, lakini akaona kwamba mchango hauwezi kufungua mlango uliofungwa. Akaanza kupigania sheria za viwanda.

Mwaka 1933 karibu robo ya wafanyakazi wa Marekani hawakuwa na kazi. Rais Franklin Roosevelt alipomwomba awe Waziri wa Kazi, alikwenda na orodha ya mambo aliyotaka yafanyike, la sivyo asingekubali. Rais akakubali. Ndiye mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la nchi ile.

Sheria ya mwaka 1935 ilileta pensheni: kuanzia 1937 mfanyakazi alikatwa asilimia 1 ya mshahara, mwajiri naye akatoa kiasi hicho hicho, na mzee wa miaka 65 akapokea fedha kama haki yake. Sisi tuliozoea foleni ya mgao tunaijua tofauti hiyo. Hata hivyo sheria iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa nyumbani, na Wamarekani weusi wengi walifanya kazi hizo. Walisubiri mpaka miaka ya 1950.

Mpaka mwaka 1940 uhamiaji ulikuwa chini ya wizara yake. Wayahudi walipomkimbia Hitler, aliwatetea ingawa maofisa wengine serikalini walimpinga. Mwaka 1938 maelfu waliokuwa wameingia kama wageni waliongezewa muda, wasirudishwe Ujerumani.

Alikuwa Mwanglikana. Katika miaka yake ya uwaziri alikuwa akienda kwenye nyumba ya watawa karibu na Baltimore kukaa kimya na kusali. Alifariki tarehe 14 Mei 1965. Siku zake za mwisho alifundisha chuo kikuu cha Cornell, akiishi katika chumba kidogo kwenye nyumba ya wanafunzi.