Friedrich Karl Kleine: Daktari aliyefichua siri ya mbung'o Ziwa Victoria

MWAKA 1909 daktari wa Kijerumani aliyekuwa akifanya utafiti kwenye mwambao wa Ziwa Victoria aliitangazia dunia jambo lililobadili mapambano dhidi ya ugonjwa wa malale. Friedrich Karl Kleine alithibitisha kwamba mbung'o haambukizi binadamu mara tu baada ya kumnyonya mgonjwa, bali baada ya siku nyingi kupita.

Kleine alizaliwa Mei 14, 1869 mjini Stralsund, bandari iliyo kwenye Bahari ya Baltiki. Alisomea udaktari, akalitumikia jeshi, kisha akawa msaidizi wa Profesa Robert Koch, mgunduzi wa vimelea vya kifua kikuu. Mwaka 1903 aliandamana na mwalimu wake huyo hadi Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, kuchunguza maradhi ya ng'ombe.

Wakati huo malale, ambayo Waganda waliyaita mongota, yalikuwa yakiteketeza vijiji vya mwambao wa Uganda. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 200,000 walifariki dunia katika miongo miwili ya mwanzo ya karne ya 20. Serikali ya Kijerumani nayo iliingiwa na hofu kuwa Bukoba, Mwanza na Shirati zingekumbwa na balaa hilo.

Mwaka 1906 Koch na timu yake, Kleine akiwamo, walifika Mwanza. Waliwakuta wagonjwa wachache tu, hivyo wakaomba ruhusa ya Waingereza kuhamia visiwa vya Ssese, ambako hali ilikuwa mbaya zaidi. Huko walianza kuwachoma wagonjwa sindano za atoksili, dawa yenye arseniki.

Mwanzoni matokeo yalitia moyo. Wagonjwa walioletwa wakiwa hawajiwezi walianza kusimama na kutembea, na habari zikaenea visiwani. Hata hivyo, ugonjwa uliwarudia wengi, na Koch akaamua kuongeza kipimo cha dawa. Watu 22 walipofuka moja kwa moja, ndipo kipimo kikapunguzwa tena.

Koch alirejea Berlin mwaka 1907, na Kleine akachukua uongozi wa kampeni katika eneo la Kijerumani. Kambi za wagonjwa zilifunguliwa, ikiwamo ile ya Kigarama katika nchi ya Wahaya, na vichaka vya pwani ya ziwa vikafyekwa. Wananchi walizipokea huduma hizo kwa tahadhari. Wengi walikwenda kambini wakitafuta nafuu, lakini baadhi yao waliondoka kabla ya tiba kumalizika, kwa kuwa sindano zilikuwa chungu na uponyaji haukuwa na uhakika.

Katika mazingira hayo ndipo Kleine alipofanya majaribio yaliyompatia jina. Tangu mwaka 1903 Daktari David Bruce, Mwingereza aliyefanya kazi Entebbe, alikuwa ameonyesha kuwa mbung'o ndiye mwenezaji wa malale. Lakini wataalamu waliamini kwamba mdudu huyo hubeba vimelea mdomoni kama sindano chafu, na kwamba baada ya siku mbili hivi hana madhara tena.

Kleine aliwalisha mbung'o damu ya wanyama wenye vimelea, kisha akawahamishia kwa wanyama wazima siku baada ya siku. Kwa zaidi ya wiki mbili hakuna mnyama aliyeugua. Ilipofika takriban siku ya 20, wanyama walianza kuambukizwa. Vimelea vilikuwa vikikua ndani ya mwili wa mbung'o. Bruce alirudia majaribio hayo mwaka huo huo na kukiri kuwa mwenzake alikuwa sahihi.

Maana yake ilikuwa nzito. Mbung'o aliyekwisha kukomaza vimelea hubaki hatari muda mrefu, hata kama mgonjwa aliyemwambukiza ameondolewa kijijini. Kwa hiyo kutibu watu pekee hakutoshi. Sharti mbung'o na makazi yake vidhibitiwe.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Ujerumani ikiwa imenyang'anywa makoloni yake, Kleine alirudi Afrika kati ya mwaka 1921 na 1923. Safari hii alikwenda Rhodesia ya Kaskazini na Kongo kuijaribu dawa mpya iliyoitwa Bayer 205, baadaye Germanin. Kiwanda kiliificha kanuni yake, lakini mwaka 1924 Mfaransa Ernest Fourneau aliifumbua. Dawa hiyo, suramini, iliendelea kutibu malale ya Afrika Mashariki kwa karibu karne nzima.

Kleine aliongoza Taasisi ya Robert Koch mwaka 1933 hadi 1934. Mwaka 1949 kumbukumbu zake zilichapishwa kwa jina Ein deutscher Tropenarzt, yaani daktari Mjerumani wa nchi za joto. Alifariki dunia Machi 22, 1951 mjini Johannesburg, Afrika Kusini.

Hivyo daktari alipata nafasi ya kusimulia maisha yake mwenyewe. Wagonjwa 22 waliopofuka kisiwani hawakuipata. Wamebaki kuwa tarakimu katika taarifa za madaktari. Elimu iliyopatikana ziwani imewaokoa wengi, na historia yake haikamiliki bila watu hao walioilipia kwa macho yao.