Nongqawuse na Homa ya Mapafu ya Ng'ombe

Soma kwa makini habari ifuatayo, kisha jibu maswali yanayofuata.

Nongqawuse alizaliwa karibu mwaka 1841 katika nchi ya Waxhosa, ambayo leo ni sehemu ya mashariki ya Afrika Kusini. Wazazi wake walifariki akiwa mdogo, akalelewa na jamaa yake aliyeitwa Mhlakaza, karibu na mlango wa Mto Gxarha. Alikua katika kipindi kigumu. Vita dhidi ya Waingereza vilivyopiganwa kuanzia mwaka 1850 hadi 1853 viliwapokonya Waxhosa ardhi nyingi. Tegemeo lao kubwa lilikuwa ng'ombe, ambao waliwapa maziwa, walitolewa mahari, walichinjwa katika matambiko na walimpa mtu heshima mbele ya wenzake.

Mwaka huohuo wa 1853, madume ya ng'ombe kutoka Uholanzi yalishushwa melini katika bandari ya Mossel Bay. Yalikuwa na homa ya mapafu ya ng'ombe. Ugonjwa huu husababishwa na bakteria na huenea kwa njia ya hewa. Ng'ombe mgonjwa anapokohoa, aliye karibu naye huvuta matone yenye vimelea. Mapafu huvimba na kuwa magumu, na maji hujaa kifuani. Mnyama hunyoosha shingo, hutanua miguu ya mbele na kuhema kwa shida. Hukonda, na mara nyingi hufa. Ubaya wake mkubwa ni kwamba ng'ombe aliyeambukizwa anaweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi, bila kuonyesha dalili. Kwa hiyo ng'ombe waliokokota magari ya mizigo walisafiri wakionekana wazima, na ugonjwa ukasafiri pamoja nao. Kufikia mwaka 1855 ulikuwa umeingia katika nchi ya Waxhosa.

Wafugaji hawakukaa bure. Walipeleka mifugo yao mbali milimani na kuwazuia ng'ombe wageni wasiingie. Hata hivyo, mizoga iliendelea kuongezeka. Hakuna aliyejua chanzo chake, kwa kuwa hata wataalamu wa Ulaya walikuwa bado hawajakiona kimelea hicho. Watu wengi waliamini kuwa ng'ombe wao wamerogwa.

Mwaka 1856 Nongqawuse, akiwa na umri wa miaka kama 15, alikwenda shambani kuamia ndege pamoja na msichana mwenzake, Nombanda. Aliporudi alieleza kuwa amekutana na wageni waliojitambulisha kuwa ni watu waliokufa zamani. Kwa maelezo yake, wageni hao waliagiza ng'ombe wote wachinjwe kwa sababu wamechafuliwa na uchawi. Waliagiza pia nafaka imwagwe na watu wasilime. Hayo yakitimizwa, wafu wangefufuka na ng'ombe wapya, wasio na ugonjwa, wangetoka ardhini na kujaza mazizi.

Mhlakaza aliupeleka ujumbe huo kwa machifu. Mfalme Sarhili alifika mwenyewe Gxarha, akaamini, akaamuru watu wake watii. Kwa mfugaji aliyeona ng'ombe wake wakifa mmoja baada ya mwingine, kuchinja waliobaki hakukuonekana hasara kubwa. Hata hivyo, si wote waliokubali. Walioamini waliitwa kwa jina lenye maana ya watu laini, na waliokataa waliitwa wagumu. Ndugu waligombana, na koo ziligawanyika.

Siku zilizotajwa zilipita bila wafu kufufuka. Kila mara lawama ziliwaangukia waliokataa kuchinja, na uchinjaji ukazidi. Tumaini la mwisho lilikatika Februari 1857. Inakadiriwa kuwa ng'ombe 400,000 walichinjwa na watu wapatao 40,000 walikufa kwa njaa, akiwemo Mhlakaza. Gavana George Grey aliitumia njaa hiyo kwa faida ya koloni. Maelfu ya Waxhosa walilazimika kuwa vibarua wa walowezi, machifu kadhaa walifungwa katika kisiwa cha Robben, na ardhi yao ikagawiwa wageni.

Nongqawuse alikamatwa na kupelekwa Cape Town. Baada ya kuachiliwa aliishi kimya shambani upande wa mashariki wa koloni, akafariki mwaka 1898.

Mwaka huohuo, nchini Ufaransa, Edmond Nocard na Émile Roux walifanikiwa kwa mara ya kwanza kuotesha katika maabara kimelea cha homa ya mapafu ya ng'ombe. Kwa hiyo Nongqawuse alitumia karibu maisha yake yote akilaumiwa kwa maafa ambayo chanzo chake kimojawapo kilikuwa hakijajulikana. Simulizi inayomtaja yeye peke yake husahau vita, ugonjwa ulioletwa na meli, amri ya mfalme na hila za gavana. Msichana yatima wa miaka 15 hawezi kuyabeba yote hayo.

Leo homa hii ingali tishio kwa wafugaji wa Afrika, lakini huzuiwa kwa chanjo, kwa kudhibiti usafirishaji wa mifugo na kwa kutoa taarifa mapema kwa daktari wa mifugo. Chanjo inayotumika sana, iitwayo T1/44, ilitokana na kimelea kilichopatikana Tanzania na kudhoofishwa kwa kupitishwa katika mayai ya kuku mara 44.

Maswali

1. Eleza jinsi homa ya mapafu ilivyofika katika nchi ya Waxhosa.
2. Kwa nini ilikuwa vigumu kuwatambua ng'ombe walioambukizwa?
3. Taja hasara tatu walizopata Waxhosa baada ya Februari 1857.
4. Toa maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika habari: (a) kuamia (b) mizoga (c) walowezi.
5. Je, ni haki kumlaumu Nongqawuse peke yake? Tetea jibu lako kwa hoja tatu kutoka katika habari.
6. Fupisha aya ya pili kwa maneno yasiyozidi 40.