Danieri Mwanga, Mfalme Aliyevuliwa Kiti



Kila mwaka tarehe 3 Juni tunawakumbuka Mashahidi wa Uganda, na watoto wetu wa Shule ya Jumapili wanayajua majina yao. Lakini mfalme aliyetoa amri wauawe hatumtaji ila kwa kumlaumu. Safari hii tumeona vema tuyaeleze maisha yake yote. Aliwahi kuzuiliwa hapa kwetu Bukoba, na jinsi alivyomaliza safari yake si wengi wanaojua.

Mwanga alizaliwa karibu mwaka 1868, mwana wa Kabaka Mutesa wa Kwanza. Baba yake alipofariki Oktoba 1884, wakuu wa Buganda walimchagua Mwanga, kijana wa miaka 16 hivi. Mutesa alikuwa amejua namna ya kuwapokea Waarabu, wamisionari wa C.M.S. na Mapadre Weupe bila kumpa mmoja wao nguvu iliyozidi. Mwanga hakuwa na ustadi huo, na mambo yaliyomzunguka yalikuwa mazito kuliko umri wake. Habari zilimfikia kwamba Wajerumani wanatwaa nchi za pwani. Waganda nao waliamini kwamba atakayeishinda nchi yao atatokea mashariki, kwa njia ya Busoga. Hofu ikamwingia.

Januari 1885 vijana watatu wa kanisa letu, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, walichomwa moto. Oktoba mwaka huo Askofu James Hannington, aliyekuja kwa njia ile ile ya Busoga, aliuawa pamoja na wapagazi wake. Mwaka 1886 wengine wengi wakauawa, hasa Namugongo tarehe 3 Juni. Mashahidi wanaojulikana kwa majina ni 45, yaani 23 Waanglikana na 22 Wakatoliki. Kijana mmoja wa ikulu, Apolo Kagwa, alipigwa na mfalme kwa mkono wake mwenyewe akanusurika kifo. Tulishike jina hilo, maana tutakutana nalo tena.

Kuua hakukumpa Mwanga usalama. Septemba 1888 Wakristo na Waislamu walishikana wakamwondoa, na ndugu yake Kiwewa akawekwa, kisha Kalema. Mwanga alikimbia kwa mtumbwi hadi kusini ya ziwa, akafika Magu, halafu Bukumbi kwa Mapadre Weupe. Hapo likatokea jambo la ajabu. Wakristo walipogombana na Waislamu na kufukuzwa, walihitaji mtu wa ukoo wa kifalme, wakamwendea yule yule aliyewachoma ndugu zao. Walipigana kwa ajili yake, na mwanzoni mwa mwaka 1890 alikuwa amerudi Mengo moja kwa moja.

Lakini alirudi akiwa na deni. Desemba mwaka huo Kapteni Lugard alifika na askari, na siku ya pili ya Krismasi Mwanga alitia sahihi mkataba asioupenda. Wakristo wenyewe walikuwa wamegawanyika, Waprotestanti wakiitwa Wangereza na Wakatoliki wakiitwa Wafransa. Tarehe 24 Januari 1892 walipigana Mengo, na bunduki za Lugard zikawapa Waprotestanti ushindi. Mwanga alikimbilia visiwani, kisha Buddu, ndipo akarudishwa tena. Askofu Hirth wa Wakatoliki naye alitoka Buganda, na mwaka huo huo misioni ya Kashozi ikaanza. Basi kuanza kwa kanisa la jirani zetu kumefungamana na vita ile, na sisi Waanglikana hatuwezi kuisimulia kwa majivuno.

Mwaka 1894 Waingereza walitangaza kwamba Uganda iko chini ya ulinzi wao. Tangu hapo Kabaka alibaki na ngoma na jina, lakini neno la mwisho lilikuwa la ofisa wa serikali. Mwanga hakuvumilia. Julai 1897 alitoroka Mengo usiku, akaenda Buddu kukusanya jeshi. Meja Ternan, aliyekuwa akikaimu ukamishna, alimfuata pamoja na jeshi la Waganda, akamshinda kabla mwezi haujaisha. Mwanga akavuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani, nao wakamzuia Bukoba, katika boma lililoanzishwa na Emin Pasha mwaka 1890.

Wazee wetu wa Kiziba, Kianja na Ihangiro waliyafahamu mambo ya boma. Mukama aliyepatana na ofisa aliongezewa nchi, kama Kahigi wa Kianja, na asiyepatana naye alipunguziwa. Sasa hapo Bukoba alikuwepo Kabaka wa Buganda, nchi iliyotisha majirani wote, akingoja kuambiwa la kufanya.

Huko Mengo maofisa hawakupoteza muda. Tarehe 9 Agosti 1897 walitangaza kwamba Mwanga si mfalme tena, naye hakuwepo kujitetea. Siku tano baadaye mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja na siku chache, aliwekwa kuwa Kabaka. Walichaguliwa wakuu watatu wa kutawala kwa niaba yake: Apolo Kagwa na Zakaria Kisingiri wa upande wetu, na Stanislaus Mugwanya wa Wakatoliki. Hivyo yule kijana aliyepigwa ikulu mwaka 1886 akawa mlezi wa mtoto wa mpigaji wake, na mtawala mahali pake.

Jambo hili liliwafaa wengi. Serikali ilipata mfalme asiyeweza kuasi. Wakuu walipata mamlaka kwa muda wa miaka 17, kwa kuwa Daudi alishika madaraka yake mwaka 1914. Kanisa letu nalo lilifurahi kuona mtoto wake kitini. Lakini tuangalie gharama yake. Mkataba wa mwaka 1900 uliandika kwamba Lukiiko litamchagua Kabaka katika uzao wa Mutesa, ila uchaguzi huo lazima ukubaliwe na serikali ya Uingereza. Mfalme akapangiwa mshahara, paundi 1,500 kwa mwaka atakapokuwa mtu mzima. Anayelipa mshahara aweza kuufunga. Mwaka 1953 Gavana Cohen alimkamata mwana wa Daudi, Mutesa wa Pili, akampeleka Uingereza, na Waganda wakalia kwa miaka miwili mpaka aliporudishwa.

Tumrudie Mwanga. Kabla mwaka 1897 haujaisha aliwatoroka Wajerumani, akakusanya watu tena, na Januari 1898 akashindwa tena. Alikwenda kaskazini kuungana na Kabalega wa Bunyoro, ambaye zamani alikuwa adui wa Buganda. Tarehe 9 Aprili 1899 wote wawili walikamatwa huko Lango, na kati ya waliowafuatia alikuwamo Semei Kakungulu, Mganda na Mkristo. Walipelekwa pwani, kisha visiwa vya Shelisheli, mbali sana na Ziwa letu.

Huko hakukuwa na mtu wa kumwogopa wala wa kumtumia. Wamisionari wa pande zote mbili walikuwa wamemtaka kwa miaka mingi, kila upande ukijua kwamba mfalme akija, nchi itakuja. Sasa hakuwa na nchi ya kuleta. Na ni wakati huo alipobatizwa katika kanisa letu, akaitwa Danieri. Alifariki tarehe 8 Mei 1903, akiwa na miaka 35 hivi. Mwaka 1910 mwili wake ulirudishwa ukazikwa Kasubi, karibu na baba yake.

Ndugu, katika kitabu cha Mambo ya Nyakati tunasoma habari za Manase, mfalme aliyemwaga damu isiyo na hatia, akachukuliwa kwa minyororo mpaka Babeli, akajinyenyekeza huko mbele za Mungu. Mungu alimsikia. Wengine kati yetu watasema ni rahisi kutubu ukiwa umefungwa. Pengine ni kweli, lakini hakuna kanisa lililopewa kazi ya kupima toba ya marehemu. Damu ya mashahidi haipunguzwi thamani tukisema kwamba hata aliyeimwaga alipokewa katika maji yale yale.

Tena tujifunze hili. Kanisa lilipewa mfalme mtoto kwa mkono wa maofisa, nalo likashukuru. Mfalme mtu mzima lilimpata bila kiti, bila ngoma, kisiwani. Huyo wa pili hakuletwa na serikali yoyote. Juni ijayo tutakapoyasoma majina ya mashahidi, tumwombee na Danieri.