Zuberi Mtemvu: Mtu pekee aliyeshindana na Nyerere kuwania urais

Mwalimu Julius Nyerere aliomba kura za urais mara tano, kuanzia 1962 hadi 1980. Katika chaguzi nne kati ya hizo hakuwa na mpinzani: mpiga kura alimkubali au alimkataa, basi. Ni mara moja tu, tarehe 1 Novemba 1962, alipokabiliwa na mgombea mwingine. Huyo alikuwa Zuberi Mtemvu wa chama cha African National Congress, na matokeo yake yalikuwa kipigo kizito: kura 21,276 dhidi ya 1,127,978 za Nyerere. Hata asilimia mbili hazikufika.

Kwa hesabu hiyo ni rahisi kumpita. Vitabu vingi vya historia vinampa mstari mmoja kisha vinaendelea na safari. Lakini Mtemvu hakuzuka tu mwaka 1962. Alikuwa mtu wa TANU, tena mmoja wa makatibu wake katika miaka ya mwanzo, wakati chama hakina fedha na viongozi wake wakisafiri kwa taabu.

Siku hizo Nyerere alikuwa jirani wa watu wa Kisarawe. Alifundisha shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, chini kidogo ya vilima vya Kisarawe, mpaka Machi 1955 alipoacha ualimu ili kukitumikia chama. Pugu, Kisarawe na Kibaha zote zilikuwa ndani ya Jimbo la Mashariki, na watu wa ukanda huu wa Uzaramo walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuisikia TANU, kwa vile Dar es Salaam ipo mlangoni mwao.

Kilichowatenganisha Mtemvu na Nyerere ni kura tatu. Serikali ya kikoloni iliamua kwamba katika uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Ukiacha nafasi moja wazi, kura yako imeharibika. Isitoshe, ili uandikishwe ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au uwe umeshika nyadhifa fulani. Mkulima wa muhogo wa Kisarawe hakuwa na nafasi hapo. Waafrika walikuwa wengi kupita kiasi, lakini viti viligawanywa sawa kwa makundi matatu.

Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama ishiriki au isusie. Wengi walifika wakiwa na hasira. Nyerere aliwashawishi waingie, kwa hoja kwamba wakisusia, uwanja utabaki kwa United Tanganyika Party, chama kilichopendwa na Gavana Twining. Hoja yake ilishinda. Mtemvu hakukubali. Alijitoa na kuunda chama chake, ANC, kilichosimama juu ya jambo moja: Afrika ni ya Waafrika, na kugawana madaraka kwa rangi ni kuukubali ukoloni.

Hapa lazima tuseme ukweli: matukio yalimpa haki Nyerere. TANU na wagombea wa rangi zote iliowaunga mkono walifagia uchaguzi wa 1958 na 1959, na UTP ikafa. Mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, vingi bila kupingwa. ANC haikupata hata kimoja. Chama kilichozaliwa kupinga kura tatu kilibaki bila kazi mara kura tatu zenyewe zilipoondoka.

Lakini swali la Mtemvu halikuondoka. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, ni wabunge wa TANU yenyewe waliotaka uraia utolewe kwa misingi ya rangi, na Nyerere akalazimika kupambana nao kwa maneno makali bungeni. Mwaka uliofuata Rashidi Kawawa, akiwa Waziri Mkuu, aliharakisha kuwapa Waafrika nafasi serikalini. Na Januari 1964, Nyerere alipotangaza kuwa upendeleo huo umekwisha na raia wote ni sawa, haukupita mwezi askari wakaasi, mojawapo ya madai yao likiwa kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Wapiga kura walimkataa mgombea, lakini hoja yake iliendelea kutembea, tena mara nyingine ikiwa imevaa sare ya chama tawala.

Kampeni ya 1962 yenyewe haikuwa mapambano ya watu sawa. TANU ilikuwa na matawi kila pembe na sifa ya kuleta Uhuru. Mtemvu hakuwa hata na mgombea mwenza wa kugawana naye safari, kwani katiba ya Jamhuri ilimwachia rais ateue makamu wake, na Nyerere alimteua Kawawa. Septemba ya mwaka huohuo Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Kusimama dhidi ya Nyerere katika hali hiyo kulihitaji ujasiri, hata kwa anayeamini kwamba sera ya Mtemvu ilikuwa ya hatari kwa nchi yenye watu wa rangi nyingi. Mwandishi wa makala haya ni mmoja wa hao.

Jamhuri ilizaliwa tarehe 9 Desemba 1962. Mwezi uliofuata TANU ilitangaza nia ya kuifanya nchi iwe ya chama kimoja, na katika mwaka huo wa 1963 Mtemvu alikivunja chama chake na kurudi TANU. Mwaka 1965 chama kimoja kikawa sheria.

Kijana wa Kisarawe au Kibaha aliyepiga kura 1962 akiwa na miaka 21 alichagua kati ya majina mawili. Alipoona tena zaidi ya jina moja kwenye karatasi ya kura ya urais ilikuwa Oktoba 1995. Kibaha ilikuwa imekwisha kuwa makao makuu ya Mkoa wa Pwani, na yeye alikuwa na miaka 54.