Robert Koch

Robert Koch (Clausthal, 11 Desemba 1843 – Baden-Baden, 27 Mei 1910) alikuwa daktari na mtafiti wa bakteria kutoka Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kutambua bakteria wa kifua kikuu, na mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Alifanya utafiti pia Afrika Mashariki.

Kazi ya hadubini

Koch alisoma udaktari Göttingen, kisha akawa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein (leo Wolsztyn, Polandi). Hakuwa na maabara. Sehemu ya chumba cha kuonea wagonjwa aliitenga kwa pazia, na humo akatumia hadubini aliyopewa na mkewe, Emmy. Aliotesha bakteria wa kimeta katika umajimaji wa jicho la ng'ombe, akawaona wakirefuka na kutengeneza spora. Ndipo ikaeleweka kwa nini malisho yaliyowahi kupata kimeta huendelea kuua mifugo. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1876.

Tatizo lake kubwa lilikuwa kwamba bakteria ni wadogo mno na hawana rangi. Alikausha tone kwenye kioo na kulipaka rangi za viwandani. Pia alitumia lenzi za kampuni ya Zeiss pamoja na kifaa cha kukusanya mwanga kilichobuniwa na Ernst Abbe. Kati ya kioo na lenzi huwekwa tone la mafuta, kwa sababu mwanga ukitoka kwenye kioo kuingia hewani hupinda na kupotea. Wanafunzi waliowahi kutumia lenzi ya kukuza mara 100 wanalifahamu tone hilo. Kwa njia ya rangi aliwaona bakteria wa kifua kikuu, wakiwa bluu ndani ya seli zenye rangi ya kahawia, na akatangaza ugunduzi huo Berlin tarehe 24 Machi 1882.

Afrika Mashariki

Miaka ya 1897–1898 Koch alichunguza malaria Dar es Salaam. Alithibitisha pia kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Kiziba, karibu na Bukoba, ulikuwa tauni. Mwaka 1905 alionyesha kwamba homa ya papasi huenezwa na papasi wa nyumbani, na kwamba vijidudu vyake huingia hata katika mayai ya mdudu huyo. Dutton na Todd walifikia jambo hilohilo Kongo, na Dutton alifia hukohuko.

Mwaka 1906 alirudi kuchunguza malale. Alipitia Amani na Mwanza, kisha akaweka kambi katika visiwa vya Ssese, Uganda. Wagonjwa walichomwa sindano kwenye tezi za shingo zilizovimba, na umajimaji wake ukatazamwa kwa hadubini kutafuta tripanosoma. Baada ya kupewa dawa ya atoksili, vimelea vilitoweka katika tezi kwa saa chache tu. Koch aliona hiyo ni dalili njema. Lakini vimelea vilirudi, naye akaongeza kipimo cha dawa. Atoksili ina aseniki, na baadhi ya wagonjwa walipofuka wasipate kuona tena. Hapa ndipo kazi yake inapolaumiwa zaidi, na kwa haki: tone la tezi lisilo na vimelea halikuonyesha yaliyokuwa yakitokea machoni mwa mgonjwa.

Koch aliondoka mwaka 1907. Msaidizi wake, Friedrich Karl Kleine, aliendelea na utafiti, na mwaka 1909 alionyesha kwamba tripanosoma hukua ndani ya mbung'o kwa siku kadhaa kabla mdudu huyo hajaweza kuambukiza.